Kisima cha Khatibu

Tulionywa. Asije mtu kuniambia hatukuonywa. Alituonya mama lishe, wakatuonya bodaboda wa pale stendi ya Bariadi, akatuonya hata fundi cherehani ambaye hajawahi kushika sururu maishani mwake. Wote wimbo wao mmoja: msichimbe kisima cha Khatibu, Khatibu ana ndagu. Na mtu akitamka ndagu huku kwetu Usukumani hatanii. Ni utajiri wa kutoa damu. Unatoa mtu, wako au wa mwenzio, biashara inanyanyuka. Ushahidi wao sasa! Eti maduka ya mtaa mzima yamefungwa tangu Korona, yeye peke yake anajenga.

Nilicheka. Mimi Salvatory, kwetu Nkololo, nimechimba visima miaka kumi na tisa, na baba yangu alichimba kabla yangu. Ningekuwa wa kuogopa midomo ya watu ningeshaenda kuuza viazi. Kilichoniudhi ni kwamba maneno hayo yalimfikia mdogo wangu Mwandu, na Mwandu ndiye aliyekuwa akishuka. Goti langu la kushoto lilikwisha zamani. Rafiki yetu Thomasi ni mtu wa kamba, mikono ipo lakini shimoni hafai, ana mwili kama gunia la pamba. Aliyebaki wa kwenda chini ni Mwandu, miaka ishirini na saba, ana mke na mtoto mmoja. Kila asubuhi alipokanyaga kishimo cha kwanza cha kushukia ukutani mwa kisima, mimi nilijua nimeshika roho ya nani. Usidhani sikujua.

Zamani tulikuwa watu, nakwambia. Kabla ya Korona tulikuwa na jenereta, tulikuwa na pampu ya umeme ile ya kuzamishwa majini, tulikuwa na kamba mbili nzima, moja ya ndoo na moja ya mtu. Tumechimba Kimali, tumechimba Nassa, tumechimba mashuleni na makanisani. Wafadhili walikuwa wanapiga simu wenyewe, na mimi najifanya nina shughuli nyingi. Ukaja ule ugonjwa, wafadhili wakarudi kwao, wenye viwanja wakaacha kujenga. Ugonjwa ukaondoka, wao hawakurudi. Vyuma vikakaza. Mwaka wa kwanza nikauza jenereta. Mwaka wa pili nikauza pampu, maana pampu ya umeme bila jenereta ni pambo la sebuleni. Kamba ya mtu ikachakaa, ikaenda kufungia mbuzi. Tukabaki na sururu, beleshi, ndoo, kamba moja, na chemli ya baba.

Chemli ile ndiyo ilikuwa leseni yetu. Baba alitufundisha hivi: kabla mtu hajashuka, washa chemli, ifunge kwenye kamba, iteremshe hadi chini. Ikizimika, usiingie hata kama umeahidiwa ng'ombe, chini hakuna hewa. Ikiendelea kuwaka, shuka. Kimali tuliwahi kuiona ikizimika futi ya ishirini, tukakaa siku mbili tunangoja shimo lipumue, na wote tukarudi nyumbani wazima. Kila mchimbaji ninayemjua anaiamini taa kuliko anavyomwamini mkewe. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Basi Khatibu akanitafuta. Miezi mitano nilikuwa sijapata kazi hata ya kufukua choo. Ana duka la spea za pikipiki, baba yake alikuja Bariadi zamani na biashara ya vitenge, akazalia hapa. Nilimkuta anapanga mipira ya tairi ileile aliyoipanga mwaka juzi. Akasema, "Fundi, duka hili nalifungua ili nisilale nyumbani tu. Nataka kuosha magari, na maji ya bomba unayajua. Nimeuza kiwanja changu kingine kwa ajili ya hiki kisima. Kikishindikana, mimi nimekwisha."

Sasa huyo ndiye tajiri wa ndagu! Nilitoka pale nikamwambia Thomasi, "Kama hayo ndiyo majini, basi nayo yamefilisika." Tukacheka. Mwandu hakucheka.

Tulichimba siku tisa, udongo mweusi, kisha mfinyanzi, kisha changarawe. Futi ya thelathini na nane maji yakaanza kutoka. Watu wakija kuchungulia wanashangilia, lakini mchimbaji akiona maji mapema anakunja uso. Maji yale ni ya juu, ifikapo kiangazi kikali yanakauka, na mteja anakufuata hadi nyumbani. Ilibidi twende futi kumi zaidi, na huwezi kuchimba huku umesimama ndani ya maji ya kiuno. Tulichota kwa ndoo kutwa nzima. Ukitoa ndoo kumi, zinaingia kumi na mbili.

Jioni ile Khatibu alikuja, mpole kama kawaida yake. "Fundi Salvatory, usinielewe vibaya. Kuna kampuni ina mtambo wa kuchimba, wiki ijayo wanapita hapa wakitoka Maswa. Wanasema siku moja wanamaliza. Kama ikifika Jumamosi hamjafika, itabidi niongee nao."

Jumatano ilikuwa ile. Mtambo! Mtambo ndio uliotumaliza, ukija mtaani mara moja hakuna tena anayemwita mtu mwenye sururu. Nikamwambia, "Mzee, Jumamosi utanawia maji yako."

Thomasi ana binamu yake kule Nassa anayemwagilia vitunguu kwa pampu ndogo ya petroli. Tukaiazima. Alhamisi asubuhi tukaiweka juu, mdomoni mwa kisima, tukashusha mpira. Ikanguruma, ikatetemeka, haikuvuta hata tone. Kumbe pampu ya namna ile haivuti kutoka mbali, inataka ikae karibu na maji. Hapo ndipo nilipojiona mhandisi. Nikamwambia Mwandu achomeke magogo ukutani, futi ya ishirini na tano, tutengeneze kichanja. Pampu tukaishusha kwa kamba ikakaa pale juu ya kichanja, ndani ya shimo. Mwandu akaivuta kamba ya kuwashia. Ikawaka. Mpira ukajaa, maji yakaruka nje hadi kwenye ukuta wa Khatibu, na mimi nikapiga kelele kama mtoto.

Bimdogo, mke wa Khatibu, alikuwa ametuletea chai na chapati. Akasimama anaangalia moshi unavyotoka polepole kwenye mdomo wa kisima. "Fundi," akasema, "huo moshi hautamdhuru huyo aliye chini?"

"Mama," nikamjibu, "wewe shughulika na chapati, visima tuachie wenyewe."

Nilisema hivyo. Mwanamke ameniheshimu, amenipa chai yake katika hali ngumu ile, nami nikamjibu hivyo mbele ya mumewe. Akainua sinia lake akaingia ndani.

Siku ile tuliwasha pampu dakika kumi, Mwandu akaizima, akachimba. Maji yakijaa, anaiwasha tena. Saa nane akapanda juu, akakaa kwenye rundo la changarawe, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akageuka pembeni akatapika.

"Kaka, kichwa kinapasuka. Na miguu kama si yangu."

"Jana ulikula nini?"

"Uji."

"Basi ni njaa hiyo. Kunywa chai."

Akaninong'oneza, maana Khatibu alikuwa pale mlangoni. "Labda ni kweli yale wanayosema. Kule chini nilihisi usingizi umenijia ghafla, kama kuna mtu ananilaza. Kaka, mimi sijawahi kusinzia shimoni."

Wee! Hasira ilinipanda hadi masikioni. Miezi mitano nimekaa nyumbani, nimepata kazi moja, siku mbili zimebaki, na ndugu yangu wa tumbo moja ananiletea hadithi za stendi. Nikamwita mwoga. Nikamwambia ngosha mzima, dume la Kisukuma, anatishwa na maneno ya mama lishe. Nikachukua chemli, nikaiwasha mbele yake, nikaiteremsha hadi chini kabisa, nikamshika shingo nimwonyeshe. Ilikuwa inawaka vizuri, manjano, haitikisiki.

"Unaona? Hewa ipo. Hakuna jini hapo wala ndagu."

"Naona," akasema.

Fikiria kosa langu. Nilikuwa napigana na ndagu. Akili yangu yote ilikwenda kwenye kumthibitishia kwamba Khatibu si mchawi, na pampu ilikuwa imekaa pale inanitazama.

Usiku ule hakula. Mkewe Milembe aliniambia asubuhi, niliponyosha mkono kumsalimu, "Mwangaluka, shemeji. Mwenzio hajalala vizuri." Nikasema nitamwangalia. Nilisema kwa mdomo wangu, nitamwangalia.

Ijumaa maji yalikuwa yamepanda kuliko jana. Tukiizima pampu, kabla hajajaza ndoo mbili maji yako magotini. Nikapiga hesabu ya siku: leo na kesho. Alipopanda juu nikasema, "Leo haizimwi. Iache ingurume, wewe chimba."

Mwandu akanitazama. Sijui nikuelezee vipi. Hakuwa na hasira, alikuwa anangoja tu nibadili mawazo. "Na huu moshi, kaka?"

"Chemli inasemaje?"

Akachungulia. Tulikuwa tumeitundika chini kwenye kigingi cha ukutani, jirani na pale atakaposimama. "Inawaka."

"Haya."

Akafanya ishara ya msalaba, akashuka. Kamba yetu ilikuwa moja, ilikuwa kwenye ndoo. Yeye alishuka kwa vishimo vya ukutani, mikono na miguu, hana kitu kiunoni.

Ndoo ya kwanza ilipanda. Ya pili. Ya tatu ilikuja imejaa kokoto safi, nikajua tumekaribia mwamba wenye maji yenyewe, nikampiga Thomasi begani. Ya nne ikapanda nusu. Tukairudisha. Alama yetu ni kuvuta kamba mara mbili ndoo ikijaa. Tukangoja.

"Anapumzika," akasema Thomasi.

Tukangoja tena. Pampu inanguruma, maji yanatoka, huwezi kusikia mtu hata akiita. Nikaivuta kamba mimi, ikaja kirahisi, ndoo tupu. Nikaanza kuita. "Mwandu! Mwandu we!" Nikalala kifudifudi, nikatia kichwa. Moshi ulinichoma macho. Kwa chini niliiona chemli inawaka. Jirani yake nikamwona mdogo wangu amekaa kwenye maji, ameegemea ukuta, kidevu kifuani, beleshi limelala mapajani.

Thomasi alishajifunga kamba kabla sijasema neno. Mtu ambaye hashukagi, akashuka. Nikaishika kamba, Khatibu akaja mbio akashika nyuma yangu. Thomasi akafika kwenye kichanja, akaizima pampu, kukawa kimya. Akasema, "Salva, mimi..." Basi. Kamba ikawa nzito ghafla. Tukamvuta wawili sisi, mikono inachubuka, tukamlaza juu ya changarawe. Alikuwa anakoroma, mate yanamtoka, na zilipita dakika nyingi kabla hajafumbua macho.

Nikaenda kwenye mdomo wa shimo nishuke mwenyewe na goti langu hilohilo. Khatibu akanikumbatia kwa nyuma. Nilimpiga kiwiko cha mdomo, akatoka damu, hakuniachia. Aliniangusha akanilalia. "Utakufa na wewe," alikuwa anasema, "utakufa na wewe, fundi." Bimdogo alikuwa barabarani anapiga yowe, jirani mmoja anapigia Zimamoto simu. Walipofika na vifaa vyao vya kupumulia, walimtoa Mwandu kwa muda mfupi tu. Ngozi yake ilikuwa bado na joto. Kwa hiyo nikaamini yu hai, nikabishana nao hadi hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, labda rika la marehemu. Aliniuliza swali moja: "Chini kulikuwa na injini?"

"Pampu ya petroli. Lakini tulishusha taa, dada. Ilikuwa inawaka."

Akanikalisha. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfungulia mtoto kidonda. Taa inajua kitu kimoja tu, kama hewa ya kuwaka imekwisha. Moshi wa injini una sumu isiyo na harufu yake, inaingia kwenye damu, mtu anaumwa kichwa, anatapika, miguu inaisha nguvu, anasinzia. Taa haiijui sumu hiyo. Itawaka tu. "Jana yake hakulalamika chochote?" akauliza.

Nikamwambia hakulalamika.

Tukamzika Nkololo Jumapili. Watu walijaa, wengine wametoka mbali, na kila kundi nililolipita lilikuwa linanong'ona jina moja. Kuna aliyeapa aliona Khatibu akinunua kuku mweusi. Kuna aliyesema siku ile ya Ijumaa, mtu akiwa bado shimoni, dukani kwake waliingia wateja wanne. Lisemwalo lipo, wanasema. Walikuwa wananishika mkono wananiambia, "Pole, Salvatory, adui tunamjua." Nami nikawa naitikia. Siku tatu nzima niliitikia. Nitakwambia ukweli, ilikuwa tamu. Kila nilipokumbuka swali la yule daktari, palikuwa na mtu karibu wa kunipa jina la Khatibu, nami nalipokea kama mgonjwa anavyopokea maji.

Siku ya tatu jioni, tulipokaa wanaume uani kumaliza msiba, baba mdogo Januarius akasimama. Huyu alichimba na baba yangu miaka ile, vidole viwili aliviacha shimoni. Mtoto wa Mwandu, Precious, ana miaka mitatu, alikuwa amekuja kunikalia mapajani, kwa sababu nafanana na baba yake. Alikuwa anachezea kifungo cha shati langu.

"Salvatory," akasema baba mdogo, "nakuuliza mbele ya watu. Chemli mlishusha?"

"Tulishusha, baba."

"Ilizimika?"

"Haikuzimika."

Uwanja mzima ukaguna.

"Basi mmesikia," akasema. "Marehemu kaka yangu hakutufundisha uongo. Taa imewaka, hewa ilikuwapo. Mtoto mzima, hana ugonjwa, hewa ipo, amekufa na nini?"

Vijana walikuwa wameshasimama. Pikipiki sita zilikuwa zimeegeshwa penye zizi, na mmoja alikuwa ana dumu la petroli, analifunga nyuma kwa mpira. Kutoka Nkololo hadi mjini si mbali. Nikamwona Khatibu anapanga mipira yake ya tairi. Nikamwona Bimdogo na sinia.

Nikasema, "Kaeni chini."

Hawakukaa.

"Kaeni chini, ninyi! Khatibu hana ndagu, Khatibu hana hata mtaji. Ni pampu. Niliiweka pampu ya petroli ndani ya shimo, ikatoa sumu, na sumu ile haizimi taa. Daktari ameniambia tangu Ijumaa. Mwandu alitapika Alhamisi, nikamwambia ni njaa. Aliniuliza kuhusu moshi, nikamwambia shuka. Kwa amri yangu mimi, siyo ya jini. Kama mnakwenda kumchoma mtu, huyu hapa."

Nilidhani nikishasema nitapumua.

Baba mdogo hakupandisha sauti, aliongea kama anayefikiri. "Taa haizimiki halafu mtu anakufa. Hayo kakufundisha nani?"

"Daktari, baba."

"Jenereta uliuza. Pampu yako uliuza. Miezi mitano huna kazi. Mafundi wote hawa wa Simiyu, Khatibu akakuchagua wewe. Ukaiacha kamba kwenye ndoo, ukamshusha mdogo wako bila kamba, ukamwona anaumwa, ukamshusha tena. Na leo, tunapotaka kwenda kwa Khatibu, unamkinga kwa mwili wako." Akasogea hatua moja. "Alikupa nini, Salvatory?"

"Hakunipa kitu! Baba, sikilizeni..."

"Kumbe walikuwa wawili," mtu akasema kwa nyuma.

Nikaanza kueleza upya, sumu, damu, injini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona nyuso zinavyojifunga. Vijana walikuwa wamesimama vilevile, ila hakuna aliyekuwa akiangalia tena upande wa pikipiki. Yule wa dumu alikuwa ameufungua ule mpira, amelishusha chini, karibu na mguu wake.

Milembe akatoka upande wa wanawake. Alipita katikati ya wanaume, kitu ambacho hakifanywi kwetu, na hakuna aliyemzuia. Macho yake yalikuwa makavu. Akasimama mbele yangu, akainama, akanyosha mikono.

"Nipe mtoto wangu," akasema.

Precious hakutaka, alikishika kifungo. Nikamfungua vidole kimoja kimoja, nikampa.